Wakili wa Kigoma na Michikichi ya Victorine

Siku ya kukamua mafuta, nyumba ya Victorine katika mji wa Kasongo haikosi watu. Chikichi huchemka ndani ya pipa tangu asubuhi. Binti yake Plamedi hutwanga. Majirani huingia na kutoka, kila mmoja na kikombe chake cha kuonja, na wengine huonja mara tatu. Victorine huwaona, hucheka, huwaacha. Michikichi ni yake mwenyewe. Marehemu baba yake alimwachia shamba lile upande wa Lusangi, na hakuna mti asioujua.

Lakini wiki ile Victorine hakucheka. Mafuta yaliungua mara mbili, na Plamedi hakuthubutu kusema neno.

Mume wake, Bulaimu, ni mchuuzi wa vitenge. Huvuka ziwa kwenda Kigoma, nchi ya Tanzania, hununua vitenge na kuviuza Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Safari hii hakurudi. Lori lilimgonga huko Kigoma akiwa amesimama kando ya barabara, akingoja kuvuka. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili. Polisi waliandika kwamba kosa ni la dereva, na lori lilikuwa na bima. Maana yake, kampuni ya bima ilipaswa kumlipa Bulaimu. Lakini bima haifungui mfuko wake kwa huruma. Alihitajika wakili wa kudai haki hiyo, yule ambaye watu wa Kasongo humwita avoka.

Hapo ndipo akaja Ramazani. Ramazani ni mtu wa Wamaza, kijiji kimoja na Bulaimu, na anaishi Kigoma miaka mingi. Alimpigia simu Moustapha, kaka mkubwa wa Bulaimu.

"Yaya, kaka yangu, nimemupata avoka mukali sana," alisema. "Anaomba dola elfu moja na mia tano mbele ya kuanza. Na siku bima italipa, nusu ni yake. Mutume kwangu mbele ya Ijumaa. Karatasi nitaipeleka mimi ku hospitali, Bulaimu asinye, atie sahihi yake."

Alisema hayo yote kwa Kibangubangu safi, na Moustapha akafurahi kusikia lugha ya nyumbani kutoka ng'ambo ya ziwa. Aliita kikao cha familia siku ile ile.

Sasa, ujue desturi ya watu hawa. Jambo kubwa halisemwi na mwenye jambo. Kijana akitaka kuoa, anatumwa mshenga. Mshenga ndiye anayekwenda kusikia mali inayotakiwa, na ndiye anayerudi na jibu. Mwenye kuoa ananyamaza, na watu wanamsifu kwa adabu. Basi familia ya Bulaimu ilimtafuta wakili kama inavyotafuta mke. Hakuna hata mmoja aliyesema naye.

"Bulaimu mwenyewe anasema nini?" Victorine aliuliza pale kikaoni.

"Bulaimu iko na maumivu, asisumbuliwe," Moustapha alijibu.

"Na hii bei, haiwezi kupunguka?"

"Shemeji! Avoka si samaki ya soko. Ukimuuliza bei, ataona sisi ni watu gani? Uuzishe ile michikichi. Kuko mutu ya Salamabila, iko na pesa tayari."

Victorine aliinamisha kichwa. Kuuza shamba la baba yake kulimuuma sana. Lakini aliogopa zaidi kwamba akikataa, Bulaimu atakosa haki yake, na atalala na mguu ule maisha yake yote huku watu wakisema ni kosa la mke. Akakubali.

Siku ya Alhamisi alikwenda kwa Odile. Odile si wakili. Ni parajurista, mtu aliyefundishwa sheria kidogo ili awasaidie wenzake. Siku mbili kwa juma hukaa katika chumba kidogo karibu na parokia, akiwaandikia watu barua na mapatano.

"Mama Odile, niandikie karatasi ya kuuzisha shamba," Victorine alisema.

"Nitaandika, Mama Plamedi. Lakini unauzisha juu ya nini?"

Victorine alieleza yote, na alipofika kwenye nusu ya pesa za bima, Odile aliweka kalamu chini.

"Huyu avoka anaitwa nani?"

"Yustina Ntamati."

"Umesikia sauti yake?"

"Hapana. Ramazani njo anasema naye, peke yake. Yeye ni mushenga."

"Na Bulaimu amesema naye?"

"Hapana."

"Mama Plamedi," Odile alisema polepole, "kwa ndoa, mushenga ni muzuri. Lakini huyu avoka hamutaki kumuoa. Munamupa kazi. Mutu unayemupa kazi, unasema naye mwenyewe."

Victorine alicheka bila kutaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki ile.

"Kwanza tujue kama ni avoka kweli," Odile aliendelea. "Kila inchi iko na liste, orodha ya mawakili wenye ruhusa ya kufanya kazi. Ya Tanzania iko ku internet. Kama mutu hayuko mu liste, hata avae ile nguo yao nyeusi, usimupe kitu."

Walipanda kilima hadi mahali ambapo simu hushika vizuri. Odile alitafuta. Ukurasa ulifunguka kwa uvivu, na Victorine alisimama akimwomba Mungu mara mbili, wa kanisa lake na wa msikiti wa mume wake, maana siku ile hakutaka kukosea.

"Yuko!" Odile alisema. "Jina lake ni hili, na ofisi yake iko Kigoma kweli. Namba yake ya simu ni hii."

"Asante Mungu. Basi nitume pesa?"

"Ngoja kidogo. Jina ni la kweli. Bei bado hatujaisikia kwake."

Odile aligeuza ile karatasi ambayo ingekuwa ya kuuzia shamba. Nyuma yake aliandika maswali, kwa herufi kubwa, kisha akampa Victorine simu.

"Wewe njo utauliza."

"Mimi? Avoka atakasirika."

"Akikasirika juu ya kuulizwa bei, tutatafuta mwengine. Wako wengi mu liste."

Simu iliita. Sauti ya mwanamke ikapokea.

"Jambo, mama avoka," Victorine alisema. "Mimi ni muke ya Bulaimu, ule waligonga na lori."

"Oo, pole sana, mama. Nimekuwa nikisubiri mnipigie. Ramazani alikuja hapa ofisini mara moja tu. Nilimwambia siwezi kuanza kabla ya kuzungumza na mgonjwa mwenyewe."

"Tunaomba... tunaomba kujua bei ya kazi yako. Usikasirike."

Wakili Yustina alicheka. "Nikasirike kwa nini? Nyumba ukijenga, humuulizi fundi? Ada yangu kwa kazi hii ni shilingi milioni moja, yote kwa jumla. Laki tatu mnalipa nikianza. Laki tatu nyingine ni kama tutafika mahakamani. Bima wakikubali kulipa bila kesi, hiyo hamlipi. Laki nne mnamalizia mkishalipwa."

Odile alikuwa akiandika haraka. Alimgusa Victorine bega, akamwonyesha swali lililofuata.

"Na gharama ingine iko?"

"Iko. Kuna ripoti ya daktari na ada za mahakama. Hizo si zangu, na nitawaonyesha risiti ya kila moja. Sitatumia kitu kabla ya kuwauliza."

"Na pesa ya bima, itapita mu mikono ya nani?"

"Italipwa kwa jina la Bulaimu. Haitapita kwa Ramazani, wala kwa mtu mwingine."

Lilibaki swali moja, na lile halikuwa limeandikwa.

"Na ile nusu yako?"

"Nusu ya nini, mama?"

"Nusu ya pesa ya bima. Na dola elfu moja na mia tano mbele ya kuanza."

Wakili alimwomba arudie. Victorine alirudia.

"Mama," wakili alisema, "maneno hayo mimi sijayasema. Mwambie mume wako asitie sahihi karatasi yoyote ambayo sijamsomea mimi mwenyewe."

Victorine aliketi juu ya jiwe. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Laki tatu za shilingi, ambazo hazifiki dola mia na hamsini, angezipata. Alikuwa na mabidoni, yaani madumu, ya mafuta, na mbuzi mmoja mkaidi ambaye hakuna wa kumlilia. Michikichi ingebaki.

Lakini mara akaruka. Karatasi! Alimpigia Bulaimu hospitalini.

"Bulaimu, Ramazani amekuletea karatasi?"

"Ndiyo, jana. Iko hapa chini ya mto."

"Umesinya?"

"Bado. Miwani yangu ilivunjika siku ya lori. Nilimuambia angoje mutu wa kunisomea. Akakasirika, akasema atarudi leo."

"Usisinye!" Victorine alipiga kelele hadi mbuzi wa watu kilimani wakageuka. "Sikia muke wako, usisinye kitu!"

Muuguzi alimsomea Bulaimu karatasi ile. Iliandikwa kwamba malipo yote ya bima yatachukuliwa na Ramazani. Jina la Wakili Yustina halikuwamo hata mara moja.

Jioni ile Moustapha mwenyewe alimpigia Ramazani, simu ikiwa wazi ili familia yote isikie. Ramazani hakukana sana.

"Yaya, nimetembea, nimehangaika," alisema. "Mushenga anarudi na mikono mitupu?"

"Mushenga anakula mbuzi," Moustapha alijibu. "Wewe ulitaka kula mguu ya ndugu yangu."

Akakata simu. Kisha alimgeukia Victorine. "Shemeji, ulikuwa na haki ya kuuliza," alisema. "Mimi njo nilikuzuia." Kwa mtu kama Moustapha, hayo yalikuwa maneno mengi.

Odile hakutaka waharakishe hata hapo. Alimwambia Victorine ampigie wakili wa pili kutoka kwenye ile orodha, ili walinganishe. Yule wa pili alitaja ada kubwa zaidi, na alipoombwa kuiandika, alisema hana desturi hiyo. Wakarudi kwa Yustina.

Yustina alikwenda hospitalini na mapatano ya kurasa mbili, akamsomea Bulaimu neno kwa neno. Picha za kurasa hizo zilifika Kasongo kwa simu, na Odile akazisoma uani kwa Victorine, familia ikiwa imekaa. Kazi ya wakili iliandikwa. Ada iliandikwa, na siku za kuilipa. Iliandikwa pia kwamba Bulaimu akitaka kumwacha wakili, anaweza, na atalipa tu kazi iliyokwisha kufanywa. Hapo ndipo Bulaimu akatia sahihi, kwa mkono wake. Laki tatu zilipotumwa kwenye akaunti ya ofisi, risiti ilirudi siku ile ile. Victorine aliitazama risiti ile mara nyingi kuliko alivyotazama picha ya harusi yake.

Miezi mitano ikapita. Kampuni ya bima ilibishana, ikaomba karatasi hii na ile, kisha ikakubali kulipa bila kwenda mahakamani. Zile laki tatu za katikati hazikudaiwa. Bulaimu alilipa deni la hospitali, akammalizia wakili ada yake, akavuka ziwa hadi mji wa Baraka. Kutoka huko alipanda pikipiki siku nyingi za vumbi na matope. Alishuka mbele ya nyumba yake Kasongo akishika fimbo, na alitembea. Victorine alikimbia kumpokea bila kufuta mafuta mikononi, na shati jipya la Bulaimu halikupona.

Mchuuzi mmoja alipokwenda Kigoma, Victorine alimpa bidoni moja la mafuta ampelekee wakili. Ujumbe ulikuja kwenye simu: "Nimepokea mafuta mazuri, mama. Nayachukua kama zawadi tu. Ada yangu mlikwisha kumaliza."

Siku ya kukamua iliyofuata, Moustapha alikuja na kikombe chake. Alionja mara moja. Alionja mara ya pili. Alipojaza mara ya tatu, Victorine alimtazama.

"Shemeji, bei yake unaijua?"

Moustapha alishusha kikombe taratibu.

"Hapana," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kukuuliza mimi mwenyewe. Sikutuma mushenga."

Bulaimu, mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda, alicheka hadi fimbo ikaanguka.