Kamba ya Lea

Mwaka 1943 Lukasi alichukuliwa jeshini. Alimwacha mkewe Grasiana na binti yao mchanga, Lea, katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Korogwe. Siku ya kuondoka watu walimpigia makofi. Hakuna aliyeuliza mtoto atabaki na nani.

Grasiana akaenda kuanika mkonge ili wapate kula. Nyapara alikataza watoto kazini. Mama yake Grasiana alikuwa Songea, mbali mno. Basi alifanya kama wake wengine wa askari. Alisokota kamba ya mkonge, akamfunga Lea kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye tendegu la kitanda. Aliipima vizuri isifike mekoni. Kila asubuhi aliacha chungu cha maharage motoni, akaenda kazini.

Lakini kamba aliipima Lea akiwa anatambaa. Siku moja Lea alisimama, akanyoosha mkono, akavuta chungu. Maharage ya moto yakammwagikia mkononi.

Bi Mwantumu, mkunga wa zahanati ya shamba, aliuguza ule mkono. Vidole viwili viligandana.

"Vitafunguka, bibi?" Grasiana aliuliza.

"Havitafunguka, mwanangu. Sikudanganyi."

"Lakini kamba niliipima."

"Ulipima kamba, mtoto akazidi kukua. Na hata asingeungua, mtoto wa kufungwa kutwa huchelewa kutembea na kusema. Anahitaji macho ya mtu mzima, chakula cha mchana, na mtu wa kuzungumza naye."

"Mtu huyo nimtoe wapi? Aliyekuwepo wamemchukua."

Bi Mwantumu alihesabu kwa vidole. "Wake wa askari hapa mko sita. Watoto wenu wawekeni nyumba moja. Kila siku mmoja abaki nao, watano mmalizie kazi yake. Na moto uwashwe nje, mbali na watoto."

Nyapara alikataa kuwapa nyumba. Wanawake sita wakaketi mbele ya ofisi, watoto mapajani, mpaka adhuhuri. Mkonge mbichi ukalala bila kuanikwa. Ndipo akawapa stoo tupu.

"Kumbe ilikuwepo siku zote," Bernadina, jirani yake Grasiana, alisema kwa uchungu.

Tangu hapo hakuna mtoto aliyeungua wala kufungwa. Lea alijifunza kusema kwa kucheza na wenzake.

Lukasi alirudi mwaka 1946. Lea hakumjua. Alijificha nyuma ya Bernadina, na Lukasi akauona mkono.

"Nani alikuwa anamwangalia?"

"Hakuna," Grasiana alisema.

"Hakuna vipi?"

"Wewe ulipimwa kifua, ukapewa viatu na chakula. Sisi hakuna aliyetuuliza. Na mimi nilichelewa kuuliza."

Lukasi alikaa chini.

"Kesho ni zamu yangu ya kulea," Grasiana alisema. "Njoo uwaone. Sasa wako tisa. Wanane wana vidole kamili."