Kalibu Kwenye Meza ya Stubblefield

"Kware, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Yule msaliti tuliyemkamata amekufa. Moyo. Dakika kumi zilizopita."

Marlys Tvedt, ambaye kazini aliitwa Kware, alikanyaga breki. Ford yake iliserereka kwenye kokoto, ikasimama.

"Amesema nini kabla hajafa?"

"Kadi ameificha ndani ya kalibu ya kusubu risasi. Iko kwenye meza ya Stubblefield. Mnunuzi ataichukua leo kabla ya saa sita mchana."

"Kalibu ipi?"

"Hakufika huko."

"Mnunuzi ni nani?"

"Hakufika huko pia."

Prentiss, bosi wake, hakuwa mtu wa kupamba habari mbaya.

Kadi yenyewe, ya kuhifadhia data, ilikuwa ndogo kuliko ukucha, nayo ilibeba majina saba ya watu waliokuwa wakiisaidia idara ya ujasusi kutoka ng'ambo. La nne lilikuwa la Milena, mpiga chapa, mama wa mapacha. Marlys ndiye aliyemwingiza kazini, wakila supu, akamwahidi kwa kinywa chake kwamba jina lake halitajulikana kamwe. Kadi ikiwafikia wanaoitaka, Milena atazolewa kesho asubuhi mbele ya watoto wake.

"Nizikamate kalibu zote?"

"Ziko arobaini. Na huyo Stubblefield hatumjui. Kama yumo, utamshtua. Subiri mkono wa mnunuzi unyooke. Kaa chonjo."

Simu ikakatika.

Klabu ya Bitter Fork, Montana, ilikuwa imejaa watu na bunduki kuukuu za jeshi. Kila Septemba hukutana kushindana kulenga shabaha kwa risasi walizosubu wenyewe. Marlys hakuhitaji kuigiza. Baba yake alisubu risasi gerejini miaka thelathini, na mfukoni sasa hivi alikuwa na donge la bunduki ya marehemu baba.

Donge ndiyo pasipoti ya watu hawa. Unachukua kipande laini cha madini ya risasi, unakigongea mtutuni, kinatokea upande wa pili kimebeba sura yote ya ndani. Kila mfereji wa mtutu unaacha mgongo juu yake. Bunduki za vita zilitengenezwa kwa haraka. Zote zimeandikwa 303, lakini hakuna mbili zinazofanana tumboni. Kuchagua kalibu bila donge ni kununua viatu kwa kutaja jina la baba yako.

Orville Stubblefield alikuwa nyuma ya meza, na aproni ya ngozi, glavu na miwani ya kazi. Pembeni yake chungu cha risasi iliyoyeyuka kilikuwa kinang'aa.

"Wee binti! Kahawa hiyo!"

Foleni nzima iligeuka. Watu wanane walimwangalia Marlys utadhani ameingia kanisani na mbuzi.

"Tone moja likiingia humu, chungu kinatulipukia usoni. Nani amekulea wewe?"

"Samahani, mzee."

Aliweka kikombe chake ukingoni mwa meza, masikio yakimwaka moto. Baba angemzaba kofi. Lakini jicho lake lilikuwa limeshanasa kitu: mzee yule, alipodhani hatazamwi, alichukua kalibu moja akaisweka chini ya aproni.

Kwa nini?

Machale yakamcheza. Wa pili kumchezesha machale alikuwa jamaa aliyesimama mbele kwenye foleni, Rollin Haskew kwa mujibu wa beji yake. Miwani myeusi. Bunduki imeviringishwa blanketi. Alishika kalibu moja, akainusa, akairudisha. Akashika ya pili. Ya tisa. Kila mara anaandika kitu kwenye kijitabu.

Marlys aliinamisha kidevu kwenye kinasa sauti cha ukosini. "Mwanaume, miwani myeusi. Anazipekua zote."

"Ndiye?" Sauti ya Prentiss ilikwaruza sikioni.

"Sijui. Hanunui."

"Saa tano na nusu, Kware."

"Najua saa."

Mkono wake ulisogea karibu na bastola yake, Glock, iliyokuwa chini ya jaketi.

"Haskew, unaoa au unanunua?" mtu aliuliza nyuma, na foleni ikacheka. "Wengine tuna wajukuu wa kuona!"

Aliyetania alikuwa Garrett Pell, mtu mnene mwenye sukari ya donati kwenye masharubu. Alimpisha Marlys, akamuulizia Orville hali ya mgongo, akamgawia kila mtu donati. Hata Marlys alijikuta anatabasamu.

Haskew alisogea pembeni akinung'unika. Pell akalaza bunduki yake mezani, bolti ya kufungia mtutu imetolewa kama sheria ya klabu inavyotaka, akaweka na donge lake.

Orville alilipima kwa maikromita. "Inchi nukta tatu moja mbili, kamili."

"Basi nipe ile ya tatu, safu ya nyuma. Mpini mweusi."

"Hiyo itakufaa. Umechagua upesi."

"Mimi najua ninachotaka, mzee."

Kila kitu kilikuwa sawa. Sawa mno.

Marlys aliliokota lile donge kama mtu anayechezea tu. Lilikuwa na migongo miwili. Aliinama, akachungulia ndani ya mtutu wa Pell kuelekea mwanga wa dirisha, akahesabu. Akahesabu tena.

Mifereji mitano.

"Bwana Pell, hili donge si la bunduki hii."

"Unasemaje, dada?"

"Donge lina migongo miwili. Mtutu wako una mifereji mitano. Mtu amekuazima donge, na hakukwambia kwamba sisi huwa tunahesabu."

Pell alicheka. Kicheko kilikatika katikati, na bastola ikawa shingoni kwa Orville.

"Mikono juu. Mzee, twende mpaka kwenye gari langu." Mkono wa kushoto uliikumbatia kalibu. "Dada, ukijikuna tu, namlaza."

Glock ilikuwa bado chini ya jaketi; asingeiwahi. Mlango ulikuwa nyuma ya Pell, hatua sita. Akitoka pale, jina la Milena limeondoka naye.

Marlys aliinua mikono polepole. Mmoja ulipitia kwenye kikombe cha kahawa ukingoni mwa meza.

Alikishika juu ya chungu.

Weee! Foleni nzima ilienda chini kwa mpigo mmoja. Vizee vya miaka themanini viliruka kama vyura. Orville, bastola shingoni au la, alijibwaga sakafuni na kufunika kichwa. Hakuna aliyeambiwa; mikono iliyozoea chungu haisubiri amri.

Mmoja tu alibaki wima.

"Nyie, mna wazimu?" Pell alisema.

Marlys alimwaga kahawa chunguni, akajitupa chini ya meza.

Mlipuko ulitikisa madirisha. Risasi ya moto iliruka hadi darini. Pell alipiga yowe, akashika mkono wake, bastola ikaanguka, na Marlys akaipiga teke. Alipoinuka na Glock yake, Haskew alikuwa ameshamkalia Pell mgongoni.

"Nilijua tu!" Haskew alifoka. "Tangu lini mtu akachagua kalibu kwa dakika mbili?"

Blanketi lake lilikuwa limefunguka. Kitako cha bunduki yake kilishikiliwa na utepe wa gundi. Kumbe alichokuwa anaficha ni aibu.

Marlys aliiokota kalibu, akaupasua mpini wake mweusi kwa kisu. Kadi ilidondoka kiganjani.

"Makao makuu, kadi ninayo. Mnunuzi yu hai, analia."

"Tumwambie nini Milena?" Prentiss aliuliza.

Macho yalimlowa Marlys, akayafuta kwa mkono uliojaa masizi.

"Usimwambie chochote. Awapikie watoto chakula cha jioni."

Orville alikuwa anasimama, akiangalia chungu kitupu. "Kahawa," alisema. "Kwenye chungu changu!"

"Na ile uliyoificha chini ya aproni, mzee?"

Mzee aliona haya. "Hiyo siiuzi kwa kila mtu. Ndiyo bora kuliko zote." Akamtazama. "Unayo bunduki?"

Marlys alimpa donge la baba yake. Orville alilipima, akahesabu migongo kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wa tano. Kisha akaitoa ile kalibu, akamwekea mkononi bila neno.

Marlys aliitia mfukoni, akapita katikati ya vizee vinavyojipangusa, akaenda kutafuta kahawa nyingine.