Bahari Inataka

Kila alasiri, masomo yakiisha, Chiriku alipitia karakana ya chuo kikuu kumsubiri mjomba wake ili warudi nyumbani pamoja. Mjomba alikuwa mchoraji wa mabango. Karakana yake ilinuka rangi na mafuta ya taa, na hakuna kilichosalimika na madoa: meza, redio, hata kandambili zake. Jina la Chiriku alilitoa yeye, kwa kuwa mdomo wa mpwa wake haukujua kupumzika.

Wiki ile chuo kizima kilijiandaa kwa Siku ya Bahari. Wanafunzi waliunda samaki wakubwa kwa chupa za plastiki. Wapishi wa bwalo waliacha kutoa mirija ya kunywea. Naye mhadhiri aliyechunguza matumbawe, ambaye wote walimwita Mama Matumbawe, aliagiza bango refu la kitambaa la kutundikwa kwenye lango la kuingilia ufukweni. Maneno yake yalikuwa haya: BAHARI INA TAKA. TUISAFISHE.

"Utaandika wewe," mjomba alimwambia Chiriku. "Lakini anza na chaki. Pima nafasi kwanza, rangi baadaye. Haraka haraka haina baraka."

"Mjomba, mimi si mtoto wa juzi!"

"Kweli. Wewe ni wa jana," mjomba akajibu, akabeba ndoo yake kwenda kupaka rangi jukwaa.

Chiriku akatazama chaki, akatazama brashi. Brashi ilimvutia zaidi, akaichovya kwenye rangi na kuanza kuandika.

Miwani, rafiki yake wa darasani, msichana wa nyumba ya jirani, alikuwa amekaa juu ya kopo akimwangalia. Mara akainuka, akasogea karibu, akakunja uso.

"Hapo pamebanana," alisema. "'Ina' na 'taka' zimekuwa neno moja. Na nukta iko wapi?"

"Nafasi ipo. Kafute hiyo miwani yako."

"Nimeshaifuta. Inasomeka 'inataka'."

"Basi nenda kakae na wenye macho mazuri! Kazi nimepewa mimi, si wewe."

Miwani alimpa kisogo. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Chiriku alitaka kumwita, lakini ulimi uliokuwa mwepesi wa kutania ukawa mzito ghafla. Rangi ilipokauka, wanafunzi wawili walikuja, wakalikunja bango na kulipeleka kabla mjomba hajarudi.

Asubuhi ya Siku ya Bahari watu walijaa langoni, na magunia ya kukusanyia taka mikononi. Mama Matumbawe alifika, akainua macho, akasimama. Chiriku naye akainua macho. Kutoka chini herufi zilisomeka bila shaka yoyote: BAHARI INATAKA TUISAFISHE.

Miwani alisema kweli.

Lakini Mama Matumbawe aliangua kicheko, akapiga makofi.

"Jamani, hebu someni! Mimi niliagiza 'ina taka'. Mwandishi kayaunganisha! Sasa si mimi ninayelalamika, ni bahari yenyewe inayotuomba. Nani kabuni hili?"

"Mpwa wangu huyu," mjomba akasema, kifua mbele.

"Ulilifikiria mwenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo," Chiriku akajibu. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Basi leo utapanda nasi boti ya sakafu ya kioo. Imebaki nafasi moja ya mtoto, nayo ni yako."

Kila mtoto wa mtaa ule aliiota boti hiyo. Ukiinama ndani yake, unaona matumbawe na samaki kama unachungulia dirishani. Chiriku akavalishwa jaketi la kuokolea. Wanafunzi wa chuo wakampa mikono. Mmoja akamuuliza wazo lile lilimjia vipi.

"Lilikuja tu, nikiwa nafikiria," akasema. Uongo wa kwanza ukazaa wa pili.

Miwani alisimama nyuma ya mjomba. Aliinamisha uso, akachora mchangani kwa kidole cha mguu. Afadhali angepiga kelele, Chiriku aliwaza. Afadhali angenitukana.

Injini ya boti ikawashwa. Chiriku akamshika Mama Matumbawe mkono.

"Samahani, mama. Sikubuni kitu. Nilikosea. Sikupima kwa chaki. Miwani aliniambia, nikamfukuza."

Mjomba akakohoa. Mama Matumbawe akachuchumaa mbele yake.

"Mbona unaniambia sasa, na boti inaondoka?"

"Kila mkinisifu, naona kama nimevaa viatu vya mtu."

"Makosa mengine huzaa jema," mhadhiri akasema taratibu. "Hata maabarani hutokea. Nasi husema wazi, 'Hili limekuja kwa bahati.' Bango litabaki pale pale, limependeza. Ila nafasi ya boti niliitoa kwa aliyebuni, na aliyebuni hayupo."

Chiriku akavua jaketi. Macho yalimwasha.

"Basi aende aliyeona kosa," akasema, naye Mama Matumbawe akakubali.

"Mimi?" Miwani akashtuka. "Kweli, Chiriku?"

"Nenda. Ukirudi unisimulie, usiruke hata samaki mmoja."

Boti ilipoondoka, Chiriku na mjomba waliokota taka kando ya maji: vifuniko, kamba za nailoni, kandambili moja isiyo na mwenziwe.

"Umenikasirikia, mjomba?"

"Kwa chaki, kidogo. Kwa uongo, zaidi. Kwa ulichofanya sasa hivi, hata kidogo." Mjomba akaweka gunia chini. "Sifa ya kweli, hata iwe ndogo, unalala nayo usingizi. Ya uongo unakesha ukiilinda. Na mtu akikuonyesha kosa lako mapema, huyo hakuonei wivu. Anakukinga na aibu. Mshukuru."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Boti iliporejea aliingia majini mpaka magotini kumpokea rafiki yake.

"Nisamehe, Miwani. Nilikutania vibaya."

"Yameisha. Nimemwona pweza!" Miwani akanyoosha mfuko wa plastiki uliokuwa ukichuruzika maji. "Alikuwa amejificha karibu na huu. Nahodha kauopoa. Shika upande huo."

Wakaukamua pamoja, wakautia guniani, kisha wakalivuta gunia wote wawili hadi mchanga mkavu.