Bei Juu ya Nukta

"Nani kabandika bei juu ya maandishi yangu?"

Duka la dawa lilikuwa limefurika, lakini sauti ile ilimfikia kila mtu. Wengi waliifahamu, ndiyo iliyowasomea habari redioni kila asubuhi. Mwenyewe alisimama kaunta, gauni la njano, miwani myeusi, ukucha ukikwaruza kikaratasi cha bei kilichofunika nukta nundu za boksi la dawa, maandishi ya wasioona yasomwayo kwa vidole. Hata habari zake alizisoma hivyo hivyo.

"Samahani, dada," muuza dawa akasema, kicheko kikimponyoka. "Kesho nitabandika pembeni."

Kesho hiyo haikufika. Yalifika mapenzi, tena mbio mbio, kwa simu za mchana na jioni.

"Bibi Nukta wangu, umekula?"

"Nimekula. Umebandua?"

"Jamani! Siku hizi simu inasoma kila kitu. Nukta za nini, mpenzi?"

Akamnunulia simu inayopiga picha maandishi na kuyasoma kwa sauti. Mtangazaji aliipokea shingo upande.

Siku ya kutambulishwa kwa mama mkwe, sebule ilijaa mashangazi. Muuza dawa alikuwa jikoni akifungua soda. Dada yake akaichukua ile simu. "Hebu wifi, toa chochote mkobani tuone inavyosoma."

Mtangazaji akapapasa viboksi viwili vya ukubwa mmoja, vyote vimebandikwa bei juu ya nukta. Akatoa alichodhani ni cha vidonge vya koo.

Simu ikapaza sauti: "Dawa ya bawasiri. Paka sehemu ya haja kubwa, asubuhi na jioni."

Shangazi mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata.

Muuza dawa alimkuta mtangazaji nje. "Mpenzi, watasahau tu..."

"Watasahau wao! Mimi kusoma nimesoma tangu utotoni. Wewe umenirudisha kuwa mjinga kwa kikaratasi chako! Simu ikinisomea mimi, inamsomea na mama yako. Siri zangu zilikuwa vidoleni mwangu, ukazifunika kwa uvivu. Usinipigie!"

Alipiga, tena na tena. Hakupokelewa.

Vidonge vya koo vilipomwishia, mtangazaji alirudi dukani, akijiambia amefuata vidonge tu. Akashika boksi: nukta wazi. La pili, wazi. Rafu nzima, wazi. Moja tu lilikuwa limechunika.

"Hili umebandua hadi maandishi."

"Nilibandua yote kwa kucha. Nisamehe. Nataka kukuoa."

Mtangazaji akaipapasa mikono yake. Kucha zilikuwa zimelika hadi nyama. Moyo ukamlegea, na hilo likamuudhi zaidi.

Akachukua boksi lenye nukta wazi. "Fumba macho. Weka kidole hapa. Pameandikwa nini?"

"Sijui."

"Foleni nzima inakutazama, na wewe hujui. Uchungu huo uusikie vizuri." Kisha, kwa sauti yake yote ya redioni: "Nikusomee?"

Masikio ya muuza dawa yaliwaka moto.

"Hapana. Nifundishe."

"Hapo sasa ndipo umeposa," mtangazaji akasema, uso bado ameukunja, akakishika kidole chake na kukirudisha mwanzo wa mstari.