Mnunuzi Ambaye Roboti Haikumjua

Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Mama Prudencia, Mkuyuni. Komeo ndani. Redio ya ukumbini imefunguliwa hadi mwisho ili walaji wasisikie ya jikoni wala ya nyuma ya jiko. Watu wanne, meza moja, karatasi moja.

Luhende aliigonga ile karatasi kwa kidole. "Mabondo."

Hakuna aliyeuliza. Mwanza nzima ya mwaka huo, elfu moja mia tisa tisini na tisa, ilikuwa inaongea mabondo. Lile puto la tumboni mwa sangara ambalo zamani walirushiwa kunguru, sasa likikaushwa linapanda ndege kwenda kwa Wachina. Wengine walisema wanapikia supu. Wengine walisema ni dawa ya wazee waliooa visichana. Kila kibaraza na lake.

"Jumamosi timu ya nyumbani inacheza," Luhende alisema. "Kirumba yote itakuwa uwanjani. Stoo pale Mwaloni inabaki na mlinzi mmoja, mguu wake mbovu. Nshomile anaendesha pikapu. Mimi naingia. Masalu anatusubiri ufukweni na boti. Magunia kumi. Anavuka nayo peke yake mpaka kisiwani, nyuma ya Ukerewe. Mnunuzi wa Kisumu yupo pale na hela mkononi."

"Na huyo mnunuzi tunamjuaje?" aliuliza Rutashobya. Ndiye waliyemwita Nshomile, Mhaya aliyekula vitabu, akafukuzwa benki, akaangukia kwao.

"Si huyo hapo kwenye karatasi? Kija kamtoa kwenye kompyuta."

Kija alikuwa anasimamia kompyuta sita za kafe ya intaneti kule mjini. Msichana mpole, wa maneno machache. Masalu, kaka yake, ndiye aliyemwingiza kwenye dili. Rutashobya ndiye aliyemfundisha mtandao, bure, jioni baada ya jioni.

"Umempata kwa mtambo gani wa kutafutia?" Rutashobya alimgeukia.

"Orodha ya Kanda ya Ziwa, ile ya mtandaoni. Sehemu ya biashara, halafu samaki. Masalu ndiye aliyeniambia nianzie hapo."

"Orodha tu?"

"Umeme ulikatika kabla sijauliza kwingine."

Rutashobya akavuta vizibo vitatu vya soda, akavipanga mezani. "Sikilizeni. Unamtafuta mtu Kirumba. Njia ya kwanza, unaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ana daftari. Atakuambia aliyeandikishwa. Lakini mimi nikienda leo nikamwambia naitwa Askofu, ataandika Askofu. Orodha ndiyo hiyo. Ni binadamu anaandika alichoambiwa."

Masalu akacheka. "Askofu wa konyagi."

"Njia ya pili, unamtuma machinga. Hamjui mtu, hachoki. Anabisha mlango, anasikiliza, anauliza: jirani yako nani? Anaelekezwa mlango mwingine. Hiyo ndiyo roboti ya mtandaoni. Inatoka ukurasa huu kwenda ule kwa kufuata walikoelekezana. Mtu asiyetajwa na jirani hata mmoja, machinga hamfikii. Na ya tatu, unamtuma mmbeya azunguke kwa wajumbe na machinga wote, akuletee walichosema. Huyo ni mkusanyaji. Hana lake. Akiambiwa uongo, anakuletea uongo." Akavisukuma vizibo pembeni. "Mfanyabiashara mkubwa wa Kisumu lazima awe ametajwa na mtu. Tuulize na roboti, bosi."

"Na mgao huu wa umeme? Mpaka lini?" Luhende alikunja karatasi. "Mechi ni Jumamosi. Kompyuta haisemi uongo. Wewe ndiye muoga."

Halafu akasema lile lililokuwa sheria yake tangu zamani. "Anayepanda na mzigo anaacha damu yake nchi kavu. Boti isiporudi, damu inalipa."

Wote walimkumbuka mdogo wa Malimi, mwendesha boti wao wa zamani, aliyeokotwa amekufa kwenye magugu maji siku nne baada ya Malimi kutokomea na mzigo.

"Dada yupo," Masalu alisema. Alisema haraka, kama mtu anayelipa nauli.

Kija alimtazama kaka yake. Masalu akamkonyeza. "Usiogope, dada. Jumapili jioni nimerudi, nakununulia cherehani."

Jumamosi, saa kumi kasorobo alasiri.

Kirumba ilikuwa imehamia uwanjani. Pikapu iliingia Mwaloni kinyumenyume. Mlinzi alikuwa na redio sikioni. Luhende alimwekea bastola kwenye shavu la pili.

"Ngapi ngapi?"

"Bila... bila bila, mzee wangu."

"Endelea kusikiliza."

Wakamfunga kwa kamba za nyavu, redio wakamwachia. Kufuli ilikufa kwa nondo moja. Magunia kumi yalitoka yakinuka kama ziwa lililokauka. Rutashobya alibeba akihema. Luhende alibeba akihesabu. Ufukweni, Masalu alikuwa ameshawasha mashine.

"Mwambie dada nimeondoka salama," alisema.

"Mwenyewe naenda kukaa naye," Luhende alimjibu.

Masalu akageuza boti. Hakutazama nyuma.

Saa kumi na robo.

Kafe ilikuwa tupu. Umeme ulikuwepo, tajiri wa kafe alikuwa kwenye mechi, laini ya simu haikugombaniwa. Kazi ya Kija ilikuwa moja, saa hiyo iliyopangwa kumwandikia mnunuzi barua pepe kwamba boti imetoka. Aliiandika, akaituma. Kisha vizibo vya Rutashobya vikamrudia kichwani.

Akaandika jina la kampuni ya yule mnunuzi kwenye roboti. Akasubiri. Hakuna kilichopatikana. Akajaribu roboti nyingine. Hakuna. Akamtuma mkusanyaji. Akaleta jibu moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa la orodha ileile.

Akaufungua ukurasa wenyewe. Picha ya samaki, anwani, na chini kabisa kile kidude cha kuhesabu wageni: *Wewe ni mgeni wa saba.* Yeye peke yake alikuwa ameufungua mara nne. Kampuni inayolisha China haina jirani wala mgeni.

Kwenye orodha palikuwa na kitufe: *Andikisha kampuni yako.* Mtu yeyote. Bure.

Nani? Alijikuta anaitazama mashine namba tatu, ile ya ukutani anayoipenda Rutashobya. Akaenda kufungua kumbukumbu ya kurasa zilizopitiwa. Zilikuwepo zote, kama nyayo kwenye tope. Mahali pa kutengenezea kurasa za bure. Fomu ya kuandikisha. Ukurasa wenyewe.

Siku: Jumapili.

Jumapili kafe hufungwa. Ufunguo anao Kija. Na Jumapili ile alimpa mtu mmoja aliyemwambia, "Dada, nataka kujifunza kuchapa, nisife mjinga." Alifurahi siku ile. Alimpikia hadi viazi vya kubeba. Na majibu mawili ya mnunuzi, sasa alikumbuka, yaliingia siku ambazo Masalu alipita kumsalimia, akakaa "kidogo tu" kwenye namba tatu.

Hakukuwa na Kisumu. Kulikuwa na boti, magunia kumi na Masalu. Na yeye, damu iliyoachwa nchi kavu. Masalu alijua sheria. Alimjua mdogo wa Malimi. Walikwenda pamoja, yeye na Kija, kumzika.

Mlango ukafunguliwa. Luhende, na Rutashobya nyuma yake akijifuta jasho.

"Mnunuzi kajibu?"

Kija alisogea, akakiziba kioo cha namba tatu. Luhende akamsoma usoni. Akafunga mlango kwa ndani.

"Una nini wewe?"

Angeweza kunyamaza hadi kesho. Kesho boti haitarudi. Sauti yake ikatoka kabla hajaipa ruhusa.

"Bosi, mnunuzi hayupo. Roboti hazimjui. Ametengenezwa. Hapa hapa, mashine hii."

Luhende akainama kwenye kioo. Hakuzielewa kurasa zile, lakini aliielewa siku. "Jumapili? Si mnafunga?"

"Tunafunga."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

Kule uwanjani watu walipiga kelele, mji mzima ukavuma. Goli. Kija alimtazama Rutashobya. Jioni zote zile. *Usiogope kubonyeza, Kija, haitakuuma.* Hakuwahi kumtaka kitu.

"Aliuazima yeye," alisema. "Alisema anamwandikia mchumba wake Bukoba."

Rutashobya alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha kicheko kikafa. "Kija? Mimi? Bosi, si mimi niliyesema tuulize roboti?"

"Ndiyo maana," Luhende alisema polepole. "Mwizi ndiye wa kwanza kupiga yowe. Ulitaka ukikamatwa useme, mimi nilitahadharisha." Bastola ilikuwa tayari mkononi. "Nani anamsubiri Masalu kule kisiwani? Umemuuzia nani kijana wangu?"

"Kija, mwambie. Kija, mama, mwangalie Mungu."

Kija aliangalia kibodi.

"Na wewe," Luhende alimwambia Kija, sauti ikalainika kama ya mjomba, "pole. Kaka yako wamemla. Hudaiwi kitu hapa. Nenda nyumbani."

Akamsukuma Rutashobya mlangoni. Mhaya yule hakupigana. Alimtazama Kija mara moja, bila hasira, kama mwalimu anayetazama jibu ambalo hakulitegemea. Pikapu ikanguruma, ikaelekea barabara ya Buhongwa.

Kija alibaki na kompyuta sita zinazovuma. Nje washangiliaji walianza kupita wakiimba, matawi mikononi. Akarudi namba tatu. Akachagua Jumapili yote, mstari baada ya mstari, akabonyeza kufuta.

Mashine ikamuuliza kama ana uhakika.

Akabonyeza ndiyo. Kwa ajili ya Masalu, ambaye muda ule alikuwa anaelekeza boti kuipita Ukerewe.