Jiwe Lililopewa Jina la Uganda

Asubuhi hiyo Kokuhirwa alikuwa akianika kahawa uani kwake, kijijini Kihanga. Aligeuza buni huku amenuna. Binti yake, Verdiana, alikuwa akimenya ndizi na kulia kimyakimya.

Verdiana alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga Uganda. Lori lingeondoka Jumatatu. Lakini jana yake kaka yake, Cassian, alirudi kutoka huko alikokwenda kuchuma kahawa.

"Wazungu wameona jiwe kubwa angani," alisema akicheka. "Wameliita Uganda."

Alidhani amechekesha. Maskini, alikuwa ameharibu safari ya dada yake.

"Huendi," mama alimwambia Verdiana.

Katika nyumba ile, jina halikuwa jambo la mchezo. Mtoto mchanga hakupewa jina mpaka kitovu kidondoke. Siku hiyo alitolewa nje, akatajwa jina, akawa mwenyeji.

"Jiwe hilo limetajwa Uganda," mama alisema. "Basi limekaribishwa. Litashukia wapi, kama si huko?"

Verdiana alifuta machozi, akaenda kumwita jirani yao, Mwalimu Desderius.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema alipofika.

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea huyu, umepoteza muda wako."

"Nimekuja kuzungumza tu. Cassian hakudanganya. Jiwe lipo. Liligunduliwa Johannesburg mwaka 1933."

"Miaka yote hiyo halijaanguka?"

"Halijaanguka."

"Labda linakuja polepole," mama alisema.

Mwalimu alicheka, akachutama kando ya mkeka wa kahawa.

"Mama, humu kwenye buni kuna mdudu mweusi. Unamwona?"

"Simwoni."

"Subiri kidogo."

Mama alikodoa macho. "Nimemwona. Ametembea."

"Hata jiwe hilo liligunduliwa hivyo. Walipiga picha ya anga, kisha wakapiga nyingine. Nyota zilibaki mahali pake. Nukta moja ilikuwa imesogea."

"Imesogea kwenda wapi? Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Mwalimu alimwonyesha mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Yule anakwenda wapi?"

"Atakwenda wapi na kamba? Anazunguka tu."

"Basi jua ndilo kigingi. Kamba yake haionekani, lakini inavuta. Mawe ya namna hiyo huitwa asteroidi, nayo ni mengi sana. Mengi hulizunguka jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, mbali na sisi. Hili la Uganda huzunguka kwa zaidi ya miaka mitatu, kisha huanza tena. Njia yake haifiki hapa duniani."

"Sasa kwa nini walipe jina?"

"Wewe ulimpa Verdiana jina lini?"

"Kitovu kilipodondoka. Tulipoona kwamba atakaa."

"Na wao husubiri. Jiwe likionekana mara ya kwanza, huwekewa alama tu. Huangaliwa na kupigiwa hesabu mpaka njia yake ijulikane vizuri. Ndipo aliyeligundua huchagua jina."

Mama aligeuza buni.

"Kumbe hawakuliita lije," alisema mwishowe. "Walilitaja kwa sababu wanajua linakaa wapi."

"Umesema vema kuliko mimi."

"Verdiana, acha hizo ndizi. Kafue nguo zako. Jumatatu si mbali."

Verdiana alisimama haraka hata akamwaga maganda. Furaha ilimzidi.

Alisoma, akarudi Kihanga akiwa mkunga. Mwaka huohuo mke wa Cassian alishikwa na uchungu, na mtoto akatanguliza miguu. Wanawake waliokuwepo walianza kulia, kwa maana walikwisha kuzika wengi kwa sababu hiyo. Verdiana alinawa mikono, akawatoa nje, akafunga mlango.

Mama alisimama nje ya mlango. Alisikia kilio cha mtoto. Aliendelea kusikiliza, akiogopa kupumua, mpaka aliposikia sauti ya mkwewe akiomba uji.