Maji ya Bombani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla baba yake hajawasha lori, Syombua alipanda kwenye ubao wa pembeni akiwa na chupa ya kijani na kitambaa kikuukuu. Alifungua vizibo vya betri kimoja kimoja, akachungulia ndani, akaongeza maji mpaka yakafunika vibamba vya madini ya risasi vilivyopangwa chini. Baba yake, Nzomo, alimpa kazi hiyo kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu. Syombua, msichana wa miaka kumi na miwili, aliionea fahari.

Maji yenyewe yalikuwa maalumu kwa betri, yasiyo na chumvi wala uchafu. Kaleli, binamu ya Nzomo, alifanya kazi katika kituo cha petroli upande wa pili wa mji wa Thika, na ndiye aliyemjazia Syombua chupa bila malipo. Ila mwendo wa kufika huko ulikuwa mrefu.

Mwaka huo wa 1957, mvua ndefu zilipokwisha, Syombua alitumwa maji kama kawaida. Njiani akamkuta rafiki yake Ngendo akiruka kamba na wenzake. Alijiambia angecheza kidogo tu, lakini alipokumbuka chupa yake jua lilikuwa limeinama. Akakinga maji kwenye bomba la mtaani, akarudi nyumbani kimya. Jumamosi lori likawaka vizuri. Mara ya pili hakujisumbua kwenda kwa Kaleli, na mara ya tatu hata hakulifikiria jambo hilo.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Nzomo alimchukua bintiye hadi Ruiru kupakia nyanya za wafanyabiashara wa soko la Thika. Walikuwa na Opiyo, mpakiaji wa mizigo, mtu mpole aliyekuwa amehamia Thika kutoka magharibi ya nchi pamoja na mkewe.

Masanduku yalipokwisha kupangwa, Nzomo alijaribu kuwasha lori. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Opiyo alizungusha hendeli ya mbele ya kuwashia injini kwa mkono mpaka viganja vikachubuka, wapi. Jua lilikuwa utosini, na maji ya nyanya za chini yakaanza kudondoka barabarani.

Nzomo hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimuuliza Opiyo, aliyelala ndani ya lori usiku uliotangulia kulilinda, kama alikuwa amewasha taa. Opiyo akakana. Nzomo akasema kwamba si mara ya kwanza kuona taa zikififia, na kwamba betri haiishi nguvu yenyewe. Kisha akamwambia wakifika Thika atafute kazi kwingine. Opiyo hakubishana. Alisema tu kwamba mkewe alikuwa ametoka kujifungua juzijuzi, na hakujua angemwambia nini.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Syombua lolote. Kama angenyamaza, neno la baba lingebaki hivyo. Alimtazama Opiyo akifuta damu viganjani kwa pindo la shati, akashuka kwenye lori.

"Baba, Opiyo hakuwasha taa," alisema. "Maji ya betri nimekuwa nikiyakinga bombani."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilipokwisha. Siku ya kwanza nilichelewa kwa sababu ya mchezo. Nikaona hakuna kinachoharibika, nikaendelea."

Nzomo akaenda kumwita Waweru, fundi wa magari pale Ruiru, naye akaja na betri nyingine juu ya baiskeli. Alipofungua ile ya lori alikuta vibamba vimepauka na kumomonyoka. Alieleza kwamba maji ya bomba yana chumvichumvi inayovila polepole. Halafu akamgeukia Nzomo, akamkumbusha kwamba betri hiyo ilikuwa imepita umri wake, na kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amemshauri ajiandae kununua nyingine. Hata kwa maji mazuri, isingefika Krismasi. Nzomo akainamisha kichwa. Aliusikia ushauri ule wakati ule, lakini bei ilimtisha, akaahirisha.

Kwa betri ya kuazima walifika Thika jioni. Nusu ya nyanya zilitupwa, na hasara ilikuwa ya Nzomo. Mbele ya bintiye alimwomba Opiyo msamaha na kumsihi abaki. Opiyo akasema angekuja asubuhi kama kawaida.

Ili kununua betri mpya, Nzomo aliuza baiskeli yake, na sare mpya ya Syombua ikabidi isubiri. Siku ya kuifunga betri hiyo, Nzomo alimwita Syombua karibu.

"Betri haikufa siku moja," alisema. "Wewe uliona lori linawaka, ukadhani maji yale hayana neno. Mimi niliona linawaka, nikadhani betri haizeeki. Kuanzia sasa nitaweka akiba kidogo kila safari, nawe utafanya kazi yako hata kama hakuna anayekuona. Lakini jambo moja ulilifanya vizuri. Ulisema ukweli wakati Opiyo alipouhitaji. Betri tumepata nyingine dukani, mwanangu. Jina la Opiyo lingeharibika, tungelinunua wapi?"